Uzi: Watu wa Mombasa, tuzungumze kuhusu yoga na haraka hizi zetu

Bint Likoni (mwenye uzi)

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Uzi huu ni mrefu, nautia kwa vipande. Asiye na nafasi leo asome kesho.

Mimi ni mkaazi wa Likoni, kazi yangu iko ng'ambo, kwenye ofisi ya wakala wa forodha. Nashughulikia makaratasi ya makontena. Walio kwenye kazi hii wanaijua: meli imetia nanga, siku za bure za kuweka mzigo bandarini zinahesabiwa, mwenye mzigo anapiga simu kila nusu saa, mtandao umegoma, na siku zikiisha gharama zinaanza kupanda. Nimeifanya kwa miaka 14. Nilifika mahali nikawa naamka kabla ya adhana ya alfajiri, mkono uko kwenye simu kabla jicho halijafunguka sawasawa. Chakula nakula nimesimama. Nikiongea na mamangu naangalia saa. Usiku nasaga meno hadi asubuhi taya linauma.

Siku iliyonishtua ilikuwa kivukoni. Nateremka mbio upande wa Likoni, mkoba kwapani, naiona feri bado iko. Nilipofika wakafunga. Moyo ukawa unadunda masikioni, vidole vya mkono wa kushoto vikafa ganzi, macho yakaingia giza. Mama mmoja aliyekuwa amebeba ndoo ya viazi karai akanishika mkono, akanikalisha juu ya ndoo yake, akanambia, "Mwanangu, mbona feri nyingine hiyo yaja?" Nikainua macho. Kweli ilikuwa katikati ya maji, inakuja. Nikalia mbele za watu kama mtoto.

Zahanati walinipima, presha iko juu. Nikapewa vidonge, na daktari akaniuliza, "Wewe hupumzika saa ngapi?" Sikuwa na jibu.

Bint Likoni

Kipande cha pili. Ofisini nina mwenzangu ambaye kwao yoga ni jambo la tangu nyanya yake. Alinipeleka kwa mama mmoja wa makamo anayefundisha wanawake sebuleni kwake, Jumamosi asubuhi. Nilikwenda nikidhani nitaambiwa nijikunje kama zile picha za mitandaoni, mguu nyuma ya shingo. Mama yule alinambia nilale chali.

Nikalala juu ya busati, leso nimeikunja chini ya kisogo, miguu imeachana kidogo, viganja vinatazama juu. Kwa Kisanskriti unaitwa shavasana, mkao wa maiti. Akasema nisifanye chochote, niisikie tu pumzi inavyoingia na kutoka. Dakika ya kwanza nikakumbuka kontena la vigae. Ya pili nikawa natunga barua pepe. Kisha nikasikia kunguru juu ya mabati, wanakwaruza kwa kucha, na nyumba ya pili kuna mtu anasukuma mahamri, ule mti wa kusukumia unagonga kibao: ta, ta, ta. Hapo ndipo nilipojua kuwa nimekunja ngumi. Nimelala chini, hakuna anayenidai kitu, na mikono yote miwili imekunja ngumi. Nikaifungua kidole kimoja kimoja.

Sijui nieleze vipi, lakini katika kile kitendo cha kufungua vidole ndipo nilipoielewa yoga. Mikao yote niliyofundishwa baadaye, wa mlima, wa mti, wa mtoto, kwangu ni njia za kuniuliza swali lile lile: umekaza wapi, na kwa nini?

Mama wa Watatu

Dadangu umenielezea mimi. Hiyo ya kusaga meno ninayo. Endelea.

Mkaazi wa Tudor

Kwa heshima, Bint Likoni, mimi nina wasiwasi na hili. Yoga ni ibada ya Kihindu. Mwislamu au Mkristo anaingiaje humo? Nauliza kwa nia njema, maana wake zetu na watoto wetu wanayaona haya kwenye simu.

Bint Likoni

Kaka, swali lako ni la haki, na nililiuliza kabla ya kukanyaga lile busati.

Asili yake ni India, na imefungamana na dini ya kule. Hilo halifichiki. Neno lenyewe latokana na mzizi yuj, kuunganisha, kama kufunga wanyama nira moja. Wanavyuoni wamelizungumza. Malaysia mwaka 2008 baraza lao la kitaifa la fatwa lilisema yoga iliyochanganya mikao, itikadi na maneno ya ibada haimfai Mwislamu. Indonesia mwaka 2009 baraza la maulamaa likapambanua: yenye ibada na mantra, yale maneno ya kuimba na kurudiarudia, ni haramu, ya mazoezi ya mwili peke yake haina neno. Saudi Arabia mwaka 2017 wakaikubali kama mazoezi ya michezo. Kwa hiyo, hata wenye elimu hawakusimama mahali pamoja.

Mimi nimefanya hivi: maneno yale ya kuimba siyatamki, na ile inayoitwa salamu kwa jua siifanyi. Nanyoosha mwili, napumua, natulia. Mkao wa mtoto, ule wa kupiga magoti na paji la uso chini, wenzangu wengine huuona kama sijida wakasita. Kwangu sijida ni ibada na ina mwenyewe. Kule naunyoosha mgongo. Nia mbili tofauti, na mahali pawili tofauti. Asiyeridhika moyoni aache, wala asisukumwe na mtu. Pumzi ataipata hata kitini pake.

Mwalimu Mstaafu

Mwanangu Bint Likoni, na wewe mwanangu wa Tudor, niruhusuni niseme kidogo.

Bahari hii yetu haijawahi kutuletea kitu kitupu. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Gujarati na Kachi huko India kabla Mreno hajaijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Chapati, bhajia, achari, vyote vilipanda majahazi hayo hayo. Kisha reli ilipoanza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896 wakaja maelfu kwa maelfu wa mafundi na vibarua kutoka India. Tuliishi nao ukuta kwa ukuta. Tulichokitaka tulikitwaa, tusichokitaka tulikiacha kwao kwa heshima.

La pili ni la lugha. Nimewaona vijana wakilitafutia Kiswahili neno la Kizungu mindfulness, la kuwa na akili pale ulipo. Wengine husema umakinifu, wengine uzingativu. Sisi tuliosoma chuo cha Kurani pale Kibokoni, Mji wa Kale, tulikuwa nalo: kuhudhurisha moyo. Maalimu alipotuona tunadona swala kama kuku, alitusimamisha tuirudie. Kuna kitu chaitwa tumanina: ukirukuu, kila kiungo kitulie mahali pake kwanza, ndipo uinuke. Sikiliza, mtoto wa miaka minane alikuwa akifundishwa kutulia kabla ya kuinuka! Nina miaka 71 na nikiwatazama watu wanavyoswali Ijumaa, simu zikitetemeka mfukoni, naona wengi tumelisahau somo lile. Simkatazi mtu yoga. Ila nataka mjue kuwa kutulia hatukukuazima.

Bint Likoni

Shikamoo Mwalimu. Umenitoa machozi. Baada ya kujifunza kulala chini na kuhesabu pumzi, kitu cha kwanza kilichobadilika kwangu kilikuwa swala. Nilikuwa naimaliza bila kujua nimesoma sura gani.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba, mwanangu.

Dereva wa Tuktuk

Mimi swali langu ni moja. Hesabu ya mwenye chombo lazima ifike kila jioni. Nikipunguza mwendo mimi, abiria anapanda ya mwenzangu. Haya mambo ya kulala chini si ya walio na ofisi?

Bint Likoni

Kaka yangu, sikwambii upunguze mwendo wa tuktuk. Nakwambia kuhusu pumzi, na hiyo unayo ukiwa umeshika usukani.

Ngoja nieleze, maana hapa ndipo penye uzito wote. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Ukiwa na haraka au hasira zinapanda, na zinakuwa fupi, za kifuani juu. Sasa tia kidole kwenye mshipa wa mkono uusikilize: ukivuta pumzi moyo unaenda mbio kidogo, ukiitoa unapungua. Kuna neva ndefu inayotoka kwenye ubongo kupita shingoni hadi moyoni na tumboni, neva ya vegasi, na hiyo ndiyo inayoufunga moyo breki. Breki hukaza unapotoa pumzi. Kwa hiyo ukivuta kwa hesabu ya nne na kutoa kwa hesabu ya sita, pumzi moja imechukua sekunde kumi. Hizo ni pumzi sita kwa dakika. Moyo unapata nafasi ya kushuka.

Fanya abiria anapotafuta chenji. Fanya kwenye foleni ya Buxton, ambayo hata ukipiga honi haitasogea. Vuta kwa pua, tumbo lijae. Toa kwa pua polepole. Mara sita tu. Ukisikia kizunguzungu acha, pumua kawaida.

Mama wa Watatu

Na wewe presha yako imeshuka? Umeacha dawa?

Bint Likoni

Sikuacha, na nakuomba mtu yeyote anayesoma hapa asiache. Naendelea na vidonge na kliniki kama nilivyopangiwa. Presha imeshuka, lakini nimepunguza chumvi pia, na nalala mapema, kwa hivyo siwezi kuipa yoga sifa yote.

Tena kuna tahadhari. Mikao ya kuweka kichwa chini, ukiwa na presha isiyotulia au ugonjwa wa presha ya macho, usiifanye. Mja mzito aliyeendelea asilale chali kwa muda mrefu, alale ubavu wa kushoto. Mwenye mgongo mbovu amuulize daktari wake kwanza. Na mkeka wa ukindu juu ya marumaru huteleza vibaya sana, nilianguka nao mimi. Utandike mchangani au juu ya zulia.

Kijana wa Changamwe

Mamangu ana miaka 68, magoti hayakunji. Kuna anachoweza kufanya?

Bint Likoni

Kipo, tena kingi. Tafuta kiti kigumu kisicho na magurudumu, ukiegemeze ukutani. Aketi mbele kidogo, nyayo zote mbili chini. Akivuta pumzi ainue mikono hadi anapoweza, akitoa aishushe. Kisha ashike mgongo wa kiti na ageuke taratibu kulia, pumzi tatu, halafu kushoto. Asilazimishe. Mwishoni aweke mikono mapajani atulie.

Na usidhani hiyo ni yoga ya daraja la pili. B.K.S. Iyengar, aliyezaliwa mwaka 1918 na kufariki Pune mwaka 2014, alikuwa mtoto wa kuuguaugua, mwili dhaifu. Ndiye aliyesambaza matumizi ya viti, mikanda, mablanketi na vipande vya mbao ili asiyeweza aweze. Leo dunia nzima inafundisha kwa vifaa hivyo. Mwambie mamako kiti chake kina historia.

Mama wa Watatu

Sisi wengine tuna watoto watatu na chumba kimoja. Nafasi ya kutandika mkeka haipo. Utulivu pia haupo.

Bint Likoni

Dadangu, nilitaka kufika hapo. Anza na tende.

Mwaka 1979 mtaalamu mmoja wa elimu ya viumbe kule Marekani, Jon Kabat-Zinn, alianzisha mafunzo, ambayo leo huchukua wiki 8, katika chuo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, kwa wagonjwa waliokuwa na maumivu yasiyokwisha. Alichukua kutafakari na yoga, akaviondoa kwenye dini, akavipeleka hospitalini. Zoezi mojawapo mashuhuri la mafunzo hayo ni kula zabibu kavu moja. Mimi nilibadilisha nikatumia tende, maana ndiyo iliyo jikoni kwangu.

Watoto wakishalala, itwae moja. Iweke kiganjani, usiile. Itazame mikunjo yake, mahali ambapo ngozi imeachana na nyama ikawa kama karatasi, kikonyo kilipokuwa. Ibonyeze kidogo. Inuse. Iguse mdomoni, utaona mate yanakuja kabla ya kutafuna. Ng'ata nusu, uisikie sukari inaanzia wapi kwenye ulimi. Tafuna polepole hadi iwe uji, meza, ufuate inavyoshuka. Kokwa ibaki mdomoni, laini, ina mfereji upande mmoja. Mimi nilikula tende maisha yangu yote, Ramadhani kwa Ramadhani, na sikujua ule mfereji unavyosikika kwa ulimi hadi nilipofika miaka 41.

Tende moja yachukua kama dakika nne. Chumba kimoja chatosha.

Mjane wa Majengo

Nimesoma uzi wote sijaandika. Naandika sasa.

Nilijaribu mambo haya mwaka jana kupitia video. Nikifumba macho ndipo mambo yanapokuja. Mume wangu alifariki miaka miwili iliyopita, ghafla. Watu wananiambia nitulie, nitulie. Nikitulia namwona. Ninaposhughulika ndipo napumua. Je, si afadhali haraka yangu?

Bint Likoni

Pole sana, dada yangu. Mungu amrehemu.

Nimekaa na swali lako tangu jana usiku kabla ya kujibu. Sitakwambia uendelee kuvumilia. Kutulia hufungua mlango, na si kila mtu ana nguvu ya kukutana peke yake na kilicho nyuma yake. Haraka yako imekubeba miaka miwili, usiitukane.

Nilivyofundishwa mimi ni hivi. Usifumbe macho. Yaache wazi yatazame kitu kimoja kilicho karibu, kikombe, jani, leso. Usikae kimya chali. Tembea polepole, peku ukiweza, na uzisikie nyayo: kisigino, ubavu wa mguu, vidole. Picha ikija, rudi kwenye nyayo. Ikikuzidi, acha kabisa siku hiyo, fua nguo, mpigie mtu simu. Na utafute wa kuzungumza naye ana kwa ana, mshauri wa hospitali au mtu mzima unayemwamini. Yoga si mbadala wa mtu wa kukusikiliza.

Mwalimu Mstaafu

Binti yangu wa Majengo, nilimzika mke wangu. Ninakuelewa. Alichosema mwenzako kuhusu nyayo ni kweli, mimi nilitembea ufukweni miezi sita.

Mkaazi wa Tudor

Nimerudi. Sijabadilisha msimamo wangu kuhusu zile nyimbo na mantra, lakini jana nilijaribu hesabu ya nne na sita kabla ya kulala. Nililala kabla sijamaliza. Nashukuru kwa kujibiwa kwa adabu.

Dereva wa Tuktuk

Bint Likoni, nimekuletea habari. Leo pale Saba Saba trela limenibana hadi nikagusa ukingo wa barabara. Zamani ningeshuka. Mkono ulikuwa tayari uko kwenye honi, na maneno makali yamejaa mdomoni. Nikatoa pumzi kwanza, ile ya sita. Sikuhesabu hata vizuri. Mkono ukateremka. Abiria nyuma, mama mtu mzima, akaniuliza, "Baba, wewe una miaka mingapi kwenye hii kazi?" Nikamwambia tisa. Akasema, "Ndiyo maana." Nimeendesha kutwa nzima nikiifikiria hiyo.

Hesabu ya tajiri imefika, tena saa moja jioni kama siku zote.

Bint Likoni

Alhamdulillahi! Nimesoma ujumbe wako nikiwa kwenye feri, nikatabasamu peke yangu.

Wengi wameniandikia pembeni wakitaka tukutane. Mimi si mwalimu, ni mwanafunzi wa mwaka mmoja na nusu, ila naweza kukaa na watu. Jumapili hii, saa kumi na mbili unusu asubuhi, Shelly Beach. Bure. Nguo yoyote ya staha inayokuruhusu kukunja goti: dera, suruali, kikoi. Usile kizito kabla. Asiyetaka mikao atakaa nasi apumue tu. Wa magoti nitaleta viti viwili.

Mwalimu Mstaafu

Mmeangalia maji? Kukiwa na bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, saa hiyo bahari bado iko juu, mtakosa mchanga wa kukaa.

Bint Likoni

Sikuangalia, Mwalimu. Nisaidie.

Mwalimu Mstaafu

Nimehesabu mwezi. Jumapili mwezi utakuwa na siku saba tangu kuandama, ni maji mafu, yasiyopanda sana wala kushuka sana. Saa kumi na mbili unusu mchanga utakuwapo wa kutosha, halafu yatajaa taratibu hadi karibu saa nne. Nitakuja na mkongojo wangu na chupa ya kahawa chungu.

Mjane wa Majengo

Nimejaribu tende, macho wazi. Nilipofika kwenye kokwa nilimkumbuka, alikuwa akizitoa kokwa ndipo awape watoto. Nililia lakini sikuitema. Niliimaliza.

Kutoka Majengo nipande saa ngapi ili niiwahi feri ya mapema?

Bint Likoni

Toka saa kumi na moja na nusu, usikimbie. Feri ikikuacha subiri inayofuata, nitakungoja upande wa Likoni, nimevaa leso nyekundu. Tutatembea pamoja hadi ufukweni.